Mdaiwa Akishindwa Kulipa: Sheria Yasemaje?

Wengine mwaka huu wameandika juu ya mapenzi na mashairi. Mimi nimechagua deni. Msicheke! Hapa Kombewa hakuna boma lisilolijua, ila ni wachache wanaojua sheria yasema nini pale maji yanapomfika mtu shingoni.

Sote tumefundishwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini je, asiye na cha kulipa? Hapa kwetu mara nyingi hutoroka. Asubuhi umemwona stejini na pikipiki yake, jioni simu imezimwa, na baada ya wiki twasikia eti yuko Busia. Mkewe na watoto ndio hubaki wakiitikia hodi za wadai. Kutoroka huko hakupunguzi hata shilingi moja.

Kwanza neno lenyewe, maana hiki ni chama cha lugha. Kufilisika kumetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule wa fulusi, yaani sarafu ndogo za shaba. Muflisi ni mtu aliyekuwa na dhahabu na fedha, sasa kabakia na vishaba tu mfukoni.

Zamani hali hiyo ilihesabiwa karibu sawa na wizi. Kule Uingereza mdaiwa alitiwa gerezani. Babake mwandishi Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka wa 1824 kwa sababu ya deni, na mwanawe wa miaka 12 wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu badala ya kuwa darasani. Sisi tuliirithi sheria ya Kiingereza. Chini ya ile Sura ya 53 ya sheria za Kenya, aliyetangazwa muflisi alibaki muflisi mpaka mahakama imwondolee jina hilo, na wako waliokaa nalo miaka na mikaka. Mwaka wa 2015 Bunge liliifuta, likapitisha Sheria ya Ufilisi, nambari 18 ya mwaka huo.

Sheria hii mpya yafanya kazi hivi. Mdai humpa mdaiwa ilani rasmi, na siku 21 zikipita bila malipo wala pingamizi, aweza kwenda Mahakama Kuu. Mdaiwa mwenyewe pia aweza kujipeleka, jambo ambalo wengi hawalijui. Akishatangazwa muflisi, mali yake hushikwa na msimamizi, huuzwa, na wadai wakagawana kinachopatikana. Hata hivyo haachwi uchi. Vifaa vyake vya kazi na vyombo muhimu vya nyumbani hubaki kwake, kwa kiwango kilichowekwa. Baada ya miaka mitatu huachiliwa bila ya kuomba, isipokuwa mtu alete pingamizi, na madeni yale hayadaiki tena. Lakini miaka hiyo mitatu huhesabiwa tangu siku anapowasilisha taarifa ya mali na madeni yake yote. Anayeficha karatasi hajaanza hata siku ya kwanza.

Aibu ipo, sikatai. Katiba ya 2010 yamzuia muflisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge au kiti cha bunge la kaunti. Lakini muuza omena wa ufuo wa Asat hagombei kitu. Yeye ataka alale usingizi.

Kwa mtu kama huyo ndiyo hasa iliwekwa njia ya pili, utaratibu wa wasio na mali. Masharti yake: usiwe na mali ya kuuzwa, usiwe umewahi kutangazwa muflisi, na madeni yako yote kwa jumla yasipungue shilingi 100,000 wala kuzidi 4,000,000. Ombi hupelekwa kwa Mpokeaji Rasmi, ambaye ni afisa wa serikali. Ukikubaliwa, wadai hawakusumbui, na baada ya miezi 12 unaachiliwa. Mwaka mmoja tu!

Sasa hapa ndipo nina neno. Kijana anayedaiwa shilingi 30,000 na programu tano za simu hafikii kiwango hicho, na ndio wengi siku hizi. Tangu M-Shwari ianze mwaka wa 2012, ikaja Fuliza mwaka wa 2019, kisha Hustler Fund mwishoni mwa 2022, mkopo haungoji tena meneja wa benki. Wapatikana ukiwa kitandani. Afueni ya watu hawa ni ndogo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 zinawakataza wakopeshaji wa mitandaoni kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia watu waliomo katika simu yake. Hilo ni jema, ila deni liko pale pale, na hana budi kuketi na mdai wapatane kulipa kidogo kidogo. Aombe mapatano hayo yaandikwe.

Na jela je? Jela ya madeni ingalipo Kenya, haizidi miezi sita. Mahakama haifai kumpeleka huko maskini asiye nacho, bali yule aliye nacho akakataa kulipa au akakificha. Tena akitoka jela bado anadaiwa, kwa hiyo sijui kama ina faida kwa yeyote.

Njia hizo zote zina mipaka. Aliyeshika hati ya shamba au ya pikipiki kama rehani ana haki ya kuichukua, hata kama mdaiwa amefilisika. Aliyekopa kwa ulaghai haponi. Na mwenye shamba lililoandikishwa kwa jina lake hawezi kusema hana mali, hata kama shamba hilo halijampa gunia la mahindi kwa miaka mitano.

Mpaka mzito kuliko yote kwetu ni mdhamini. Sheria ikimwachilia mdaiwa, haimwachilii aliyemdhamini. Na hapa nani hajamdhamini mtu? Katika vyama vyetu vya akina mama huwezi kupewa mkopo bila majina ya wenzako. Shangazi yangu alimtilia rafiki yake sahihi ya mkopo wa kununua nyavu. Rafiki alipotoweka, wanachama walikuja wakachukua mbuzi wawili na cherehani, na salio shangazi analilipa mpaka leo kila Alhamisi. Alidhani sahihi ile ni ya ushahidi tu.

Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai yule aliyemdhamini. Kama rafiki huyo angetangazwa muflisi, shangazi angejiandikisha miongoni mwa wadai wake, apate japo fungu dogo la kitakachouzwa. Lakini rafiki hakuwahi kwenda mahakamani, na wale watoto wake ambao shangazi angeweza kuwauliza aliko, wanakuja kwake kula chakula cha jioni.