Mlinda Mlango na Ustadi wa Kungoja

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Neno hilo, ambalo wazazi huwaasa nalo watoto nyumbani, lina ukweli wake hata katika uwanja wa kandanda, mahali ambapo mtu angedhani kuwa wepesi ndio kila kitu.

Penalti hupigwa umbali wa meta 11, na mpira uliopigwa kwa nguvu hulifikia goli kwa muda wa nusu sekunde hivi. Mlinda mlango akingoja hadi mpira uwe angani, amechelewa. Akiruka mapema mno, mpigaji mwerevu humwona na kuupeleka upande wa pili. Basi aamue wakati gani, na kwa kutazama nini?

Mwaka 2002 wataalamu walioongozwa na Geert Savelsbergh wa Amsterdam walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwaonyesha walinda mlango stadi na wanagenzi filamu za wapigaji penalti, huku wakipima mwendo wa macho yao. Wanagenzi walihangaisha macho, wakikitazama zaidi kiwiliwili na mikono ya mpigaji. Stadi waliyatuliza macho yao penye miguu na mpira, wakangoja zaidi kabla ya kuamua, na wakabashiri vema zaidi.

Kungoja huko kwataka moyo. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli, akiwamo Michael Bar-Eli, walieleza habari za penalti 286. Karibu mipira 29 katika kila 100 ilielekea katikati ya goli, lakini walinda mlango walibaki katikati mara 6 tu katika kila 100. Kwa nini? Afungwaye akiwa ameruka huonekana amejitahidi. Afungwaye akiwa amesimama huonekana mzembe. Wengi, basi, huruka kwa kukimbia lawama.

Hapo ndipo lilipo somo letu sisi wazazi. Tusimamapo kando ya uwanja tukimfokea mtoto, "Ruka! Piga! Toa pasi!", twamzoeza kuzihofu sauti zetu, wala hatumfunzi kutazama. Jicho la stadi hukomaa kwa kukabili mipira mingi, kukosea na kujaribu tena. Mtoto wako akifungwa, ndugu msomaji, usimwulize kwa nini hakuruka. Mwulize aliona nini kabla mguu haujaugusa mpira, kisha umwache arudi golini.