Mchezo wa kaa wafumbua fumbo la programu

WANAGENZI wa kuandika programu za kompyuta mara nyingi hukwama pale wanapotakiwa kutofautisha klasi, yaani maelezo ya aina ya kitu, na vitu vyenyewe vinavyoundwa kutokana nayo.

Greenfoot, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2006, ikiongozwa na Michael Kölling, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, huionyesha tofauti hiyo kwenye skrini.

Klasi ya kaa ni mfano wa ramani ya nyumba: kwayo mwanafunzi huweka ufukweni kaa wengi apendavyo, kila mmoja na mahali pake. Hata hivyo, amri moja ya Java ikiandikwa katika klasi hiyo, kaa wote huitii.

Akisahau amri ya kugeuka, kaa hugota ukingoni, naye hujionea kosa papo hapo.