Hati ya Chanjo na Kalamu ya Karani

Msafiri atokaye nchi yenye hatari ya homa ya manjano, ashukapo Unguja au Dar es Salaam, afisa wa afya hatosheki na kauli yake kwamba alichanjwa. Hutaka ithibati mkononi, na mtu aliyechanjwa kweli kweli, ila kadi yake ina kasoro, huenda akahesabiwa sawa na asiyechanjwa kabisa.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zimebainisha yapasayo kuwamo katika kadi hiyo: jina la mwenyewe na saini yake, tarehe ya kuchanjwa, saini ya mganga aliyesimamia, kiwanda kilichotengeneza dawa na namba ya bechi, pamoja na muhuri wa kituo, tena palipofutwa, palipokwanguliwa au palipoachwa wazi paweza kuibatilisha hati nzima. Kwa hiyo anayeona jina lake limeandikwa Abdalla ilhali pasipoti yasema Abdullah, akatwaa kalamu yake akasahihisha, amejidhuru kwa mkono wake mwenyewe. Kosa husahihishwa na kituo kilichochanja, ambako daftari lipo, na aghalabu dawa yake ni kadi mpya. Tarehe nayo ina fitina yake: 3/8 kwetu ni tarehe tatu Agosti, na kwa Mmarekani ni tarehe nane Machi, mwezi na uandikwe kwa jina lake.

Lipo kosa jingine lisilo la karani wa kituo wala la msafiri. Zamani kadi hii ilidumu miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 ni ya maisha, hata zile za kale zilizoandikwa ukomo. Na bado wapo makarani wa mashirika ya ndege wanaoisoma tarehe ile ya ukomo kana kwamba ingali na nguvu. Kuchomwa sindano ya pili ili kumridhisha karani ni tabu ya bure. Heri kuomba aitwe mkubwa wake.

Ama kuchelewa kwa hati, chimbuko lake ni kuandika mara mbili, kwanza katika karatasi kisha katika kompyuta. Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, watu walizoea kungoja ujumbe wa simu. Na tarakimu moja ya simu ikikosewa, ujumbe humwendea mwingine. Asiyeupata na arudi kituoni na karatasi aliyopewa siku ya kuchanjwa, wala asiitupe.

Mama aliyepoteza kadi ya kliniki ya mwanawe naye aanzie kwenye rejista ya zahanati alikochanjwa mtoto. Isipopatikana, wauguzi humhesabu mtoto kuwa hajachanjwa, wakamkamilishia dozi, kwani kwa chanjo nyingi dozi ya ziada haidhuru. Msafiri wa homa ya manjano aliyepoteza ushahidi wote na kuchanjwa upya akumbuke tu kwamba kadi ya chanjo ya kwanza huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, basi aulize mapema kama kadi yake mpya itahesabiwa hivyo, kabla ya kulipia tikiti.