Chunusi za ujana si mzaha

“Zitaisha ukiolewa.” Msichana wa Kisauni aliyejaa chunusi usoni huambiwa hivyo na shangazi, na mama, na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mvulana naye huambiwa amebaleghe, watu wakacheka. Wasemaji hawana nia mbaya. Lakini mtoto wa miaka 15 anayeelezwa kwamba dawa yake ni mume asiyemjua, atakayekuja siku isiyojulikana, hajaliwazwa. Amenyamazishwa.

Kinachotokea ngozini ni hiki. Kubaleghe huleta homoni za androjeni, kwa wavulana na wasichana pia, nazo huziamsha tezi za mafuta za uso, kifua na mgongo. Mafuta yakizidi, hugandamana na seli zilizokufa na kuziba vitundu vya vinyweleo. Humo ndani bakteria aina ya Cutibacterium acnes, ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu, huzaana. Mwili hupambana nao, na pahali hapo pakavimba, pakauma, pakatunga usaha. Uchafu haumo katika hadithi hii. Anayejisugua uso kwa dodoki kutwa mara tano anajichubua bure. Viazi karai navyo vinasingiziwa kuliko kosa lao: ushahidi uliopo unavielekea zaidi vyakula vya sukari nyingi na maziwa. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 85 ya watu wenye umri kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi, kidogo au nyingi.

Ngozi nyeusi ina mtihani wake wa ziada. Chunusi ikipona huacha baka jeusi, na baka hilo laweza kukaa miezi kadhaa baada ya uvimbe kwisha. Ndiyo maana mzazi anaposema “mbona zimepungua?”, mtoto humwona kama mtu asiyetazama. Kwake hakijapungua kitu.

Sasa tuje kwenye lisiloonekana. Mwaka 2011 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijana 3,775 wa miaka 18 na 19 mjini Oslo. Wasichana waliokuwa na chunusi nyingi waliripoti mawazo ya kujitoa uhai mara mbili zaidi ya wenzao. Wavulana, mara tatu. Wavulana, ambao tunadhani hawajali uso! Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza uliotumia rekodi za wagonjwa wa miaka mingi ulionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza baada ya daktari kutambua chunusi, hatari ya mgonjwa kupata sonona ilikuwa juu kwa asilimia 63 ikilinganishwa na wasio nazo. Oslo si Mtopanga wala Bamburi, na takwimu hizo hazithibitishi kwamba chunusi peke yake ndiyo iliyoleta huzuni. Hata hivyo, mtoto anayeitwa Stafeli au Fenesi darasani tangu kidato cha kwanza hahitaji takwimu.

Daktari anaweza kuhesabu vipele usoni, asiweze kupima uzito wake moyoni. Mwenye vichache huenda akateseka kuliko aliyejaa shavu zima. Kwa hivyo tazama mwenendo. Hapa Mombasa harusi ni ya mtaa mzima. Binti aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mikono atiwe hina, akianza kila mara kuumwa na kichwa siku ya shughuli, muulize. Kijana anayekataa kupigwa picha, anayekaa nyuma darasani asiulizwe swali, aliyeacha mpira wa jioni, naye pia. Na muulize anavyojisikia, usianze na uso wake.

Kuna mzunguko mbaya hapa. Utafiti mdogo wa mwaka 2003 uliofuata wanafunzi 22 wa chuo kikuu nchini Marekani uliona chunusi zao zikizidi majira ya mitihani, hasa kwa waliokuwa na wasiwasi mwingi. Mtahiniwa wa KCSE anaweza kujikuta na chunusi zinazomtia wasiwasi, na wasiwasi unaozidisha chunusi.

Aibu ikizidi, kijana hukimbilia duka la vipodozi. Huko ndiko madhara makubwa yanakoanza. Krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli huutakasa uso kwa wiki chache, na mnunuzi hufurahi. Kisha ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, na ukiacha kupaka chunusi hurudi kwa kishindo. Mikorogo mingine ina zebaki, sumu inayoharibu figo. Kwa maoni yangu, anayemuuzia mtoto wa shule tyubu ya namna hiyo hana tofauti na muuza sumu. Ndimu na dawa ya meno huunguza. Mafuta ya nazi, tuliyolelewa nayo sote, yanaweza kuziba vitundu. Yabaki kwenye nywele na miguu.

Tiba ipo, ila inataka subira. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Benzoili peroksaidi, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huua bakteria hao. Jihadhari tu, hufifisha rangi ya leso na foronya. Adapaleni huzibua vitundu. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane, na wengi hukata tamaa wiki ya pili. Zilizozidi, zenye mafundo na makovu, zinahitaji daktari wa ngozi mapema, maana kovu la shimo halifutiki kirahisi. Isotretinoini, dawa yenye nguvu kuliko zote, haitumiwi bila usimamizi wake: hulemaza mtoto aliye tumboni.

Kijana akitamka kwamba hataki kuishi, usimkaripie wala usimwambie ni shetani. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitalini. Polisi wasiwe kisingizio cha kuficha: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa jinai inakiuka Katiba. Ushauri wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana bila malipo kwa nambari 1199, na ya watoto ni 116.