Kisukari na homa ya virusi: Kwa nini mwili hulemewa

HOMA ya mafua ambayo kwa wengi hupoa baada ya siku chache yaweza kumlaza hospitalini mgonjwa wa kisukari. Janga la Covid-19, ambalo mgonjwa wake wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020, lilidhihirisha hatari hiyo kote duniani.

Sababu kuu ni mbili. Kwanza, sukari inapozidi, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hudhoofika. Pili, mwili unapopambana na virusi hutoa homoni zinazoipandisha sukari zaidi. Hivyo basi, maradhi mamoja huyachochea mengine.

Mjini Eldoret, mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka wa 2001 kukabiliana na Ukimwi, ukishirikisha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, baadaye ulipanuliwa kushughulikia kisukari pia.

Kosa la hatari ni mgonjwa kuacha insulini kwa kukosa hamu ya chakula, kwani sukari hupanda hata tumbo likiwa tupu. Yafaa aipime mara kwa mara na kunywa maji. Akitapika mfululizo au kuhema kwa kasi, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.