Juu ya nini seli zinakwama? Umbo linashinda nafasi

Mara nyingi tunafikiri fizikia iko ya vyuma na mawe, na tiba iko ya watu. Leo niwaonyeshe swali moja lenye kuunganisha zote mbili: ndani ya mwili, juu ya nini seli mara zinatembea, mara zinakwama?

Tuanze na beseni. Ukitupa ndani vitu vigumu vya mviringo kama gololi, bila mpango, vinajaza karibu 64% ya nafasi, kisha vinakwama. Hapo hakuna kusogea tena.

Sasa angalia utando unaofunika njia za hewa kwenye mapafu. Seli zake zimebanana, karibu hakuna nafasi wazi. Kwa hesabu ya gololi, zingekuwa zimekwama siku zote. Lakini kidonda kinapona kwa sababu seli zinasogea na kukifunika. Zinapitia wapi?

Siri iko kwenye umbo. Hapa kwetu Alunguli, watu wakijaa kwenye kivuko kwenda Kasuku, mwenye kutaka kupita hangoji nafasi ipatikane: anageuza ubavu. Seli nayo iko laini. Inajirefusha, inaacha jirani mmoja, inagusana na mwingine.

Mwaka 2015, Dapeng Bi, Lisa Manning na wenzao walitoa modeli yao katika jarida la Nature Physics. Kila seli wanaichora kama umbo la pembe nyingi. Unachukua mzingo wake, unaugawanya kwa kipeuo cha pili cha eneo lake. Duara linatoa 3,54. Mstatili wa 1 kwa 4 unatoa 5. Mpaka uko karibu 3,81. Chini ya hapo, kubadilisha majirani kunadai nguvu, na tishu inakuwa ngumu. Juu ya hapo, tishu inatiririka.

Nini inaamua hiyo namba? Vitu viwili vinavutana: nyuzi zilizo chini ya utando wa seli, ambazo zinaikaza, na gundi yenye kuishikisha kwa jirani. Gundi ikizidi, mpaka kati ya majirani unarefuka. Ndiyo maana katika modeli hii kunatokea jambo la ajabu: seli zikishikana zaidi, tishu inalegea!

Mwaka uleule, kundi la Jeffrey Fredberg wa Harvard liliotesha katika maabara seli za njia za hewa, za watu wenye pumu (asma) na za wasio nayo. Zote zilianza kwa kutembea, zikaishia kukwama, na namba yao ikashuka kuelekea 3,81. Lakini zile za wenye pumu zilichelewa sana kutulia. Hii bado si dawa. Ila inampa daktari kitu kipya cha kupima: umbo.

Na kipimo chenyewe hakidai mashine kubwa. Ukiwa na picha ya mikroskopi na rula, unaweza kuanza. Mujaribu usiku huu: chora pembesita sawa ya upande wa sentimita 1. Mzingo ni 6, eneo karibu 2,6, kipeuo chake 1,61. Mukigawanya munapata 3,72. Tishu yenye seli za namna ile, munajua tayari: imekwama.