Mwali wa Kisarawe, baba wa Kichaga: Mila ikigonga mlango wa ndoa yenu

Wengi wetu tunaoishi mjini tukioa au kuolewa huwa tunadhani tumeoana wawili tu. Kadi zinachapwa, kamati inakaa, ukumbi unalipiwa, picha zinapendeza. Halafu miaka inapita, siku moja ukoo unapiga hodi na kusema: "Tumekuja kwa ajili ya mtoto wetu." Hapo ndipo utakapojua umeoa nani, na mwenzio ataijua damu yako.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Mume wangu ni Mchaga. Tumejenga Kibaha, upande wa Kwa Mathias, kama vijana wengi waliokimbia kodi za Dar es Salaam. Asubuhi tunapambana na foleni ya barabara ya Morogoro, jioni tunarudi hoi. Maisha ya geti na kuku wawili watatu. Binti yetu mkubwa alipofika miaka 13 na kuvunja ungo, nikampigia simu mama kumpa habari. Kesho yake mchana bibi na kaka yangu wakashuka na bajaji getini kwetu. Hawakuja kusalimia. Walikuja kumtaka mwali.

Mjomba ndiye nani?

Mume wangu alichoshindwa kuelewa kwanza si mwali. Ni mjomba. "Shemeji yangu nampenda," akaniambia usiku ule, "lakini mtoto ni wangu. Yeye anaamuaje?"

Ana haki ya kushangaa. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, basi. Sisi Wazaramo, sawa na ndugu zetu Waluguru na Wakwere, tunahesabu ukoo kwa mama. Uislamu uliingia, serikali ikaja na sheria zake, siku hizi watoto wanatumia majina ya baba zao kama watu wengine. Lakini kwenye shughuli kubwa, jando, unyago, ndoa na msiba, mjomba bado ana kiti chake. Usipompa kiti hicho, shughuli haiendi. Nikamweleza mume wangu kwamba kaka hakuja kumpokonya mtoto. Alikuja kwa sababu asingekuja, kijiji kizima kingesema amemtupa.

Kama mmechanganya makabila, ongeeni haya mapema. Msisubiri bajaji isimame getini.

Ndani kwa mwali

Zamani msichana wa Kizaramo akivunja ungo aliwekwa ndani. Miezi, na wengine hata miaka. Hakuonekana na wanaume, hakufanya kazi za jua, alitunzwa mpaka ang'ae. Mwalimu wake alikuwa somo au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyechaguliwa kwa tabia yake. Alipewa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na nywele zilizochongwa, akioge na kukipaka mafuta kama mtoto mchanga. Siku hizi vinyago hivyo utavikuta kwenye makumbusho ya Ulaya kuliko kwenye nyumba zetu. Alipelekwa pia chini ya mti wa mkole, mti unaozaa matunda mengi, ishara ya uzazi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, aliyaandika mambo haya kwa kirefu. Hata yeye alilazimika kukaa kitako na wanawake na kusubiri aaminiwe.

Siku ya kutolewa ndiyo yenyewe. Mwali anabebwa mabegani, amepambwa, macho chini. Ngoma inalia, watu wanamtunza noti. Msimu wake ni baada ya mavuno, mihogo ikiwa ndani na watu wana nafasi. Ukipita Kisarawe wakati huo usiku, ngoma utaisikia tu kutoka upande mmoja wa vilima, na mwingine unajibu.

Ubaya wake tuuseme

Sitaki kupaka asali. Mume wangu alikuwa na hoja na mimi nilizikubali. Msichana akiwekwa ndani wakati wenzake wako darasani, anaporudi hesabu zimeshamwacha. Wapo waliotolewa ndani wakaambiwa wamekuwa, na mwaka haukuisha wakawa na mimba au mume. Na zile ngoma za mtaani za usiku kucha, watoto wamesimama pembeni wanaangalia viuno, hilo si unyago. Ni biashara ya spika.

Sheria nayo imebana. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu hiyo Oktoba 2019. Kisarawe kwenyewe, Jokate Mwegelo, yule mrembo wa Miss Tanzania 2006, alipokuwa mkuu wa wilaya alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero na kuchangisha fedha za shule ya wasichana. Shule ipo, ina jina lake. Kwa hiyo hata wazee wanajua upepo umegeuka.

Tulivyokubaliana

Tulikaa sebuleni siku mbili. Chai ilipikwa mpaka sukari ikaisha. Bibi alitaka mwezi mzima. Mume wangu alitaka sifuri. Kaka alikaa katikati anakohoa.

Kilichofungua mlango ni swali la bibi. Alimgeukia mume wangu, kwa upole kabisa, akamwuliza: "Baba, huyu mtoto akitoka damu kwa mara ya kwanza, alimwambia nani?" Kimya. Alimwambia rafiki yake shuleni. Rafiki akamwambia aangalie kwenye simu. Mimi mama yake nilijua siku tatu baadaye, nikifua. "Basi," bibi akasema, "mimi naomba nafasi ya ile simu."

Tukaandika masharti kwenye daftari, kama kamati ya harusi. Wiki mbili, likizo ya Juni, shule isiguswe. Somo awe shangazi yangu mkubwa, tunayemjua. Asitolewe kwa spika za usiku, ngoma iwe mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Hakuna mtu wa kuzungumzia posa. Na mtoto mwenyewe aulizwe kwanza. Akaulizwa. Akasema anaogopa, lakini anataka, binamu zake wote wa kike wamepitia.

Mume wangu alitia saini ya mdomo tu. Uso ulikuwa bado umekunjwa.

Kijiji kikamfundisha na baba

Mambo mengine huwezi kuyapanga. Wiki ya pili ya mwali, mzee jirani akafariki. Mume wangu alikuwa amekuja na suti yake na bahasha ya rambirambi, akijua atakaa kwenye kiti cha plastiki saa moja aondoke. Kumbe kule msiba ni kazi. Wanaume kaburini na majembe, wanawake kuni na maji, vijana makuti na turubai. Hakuna aliyetumiwa ujumbe wa simu wa michango. Kila mtu alijua pa kushika.

Na watani walikuwepo. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wetu tangu enzi za misafara ya karne ya 19, walipokuwa wakishuka na mizigo kwenda Bagamoyo na pwani. Mtani mmoja alijilaza mbele ya kaburi akidai marehemu ana deni lake, halikai jeneza mpaka alipwe. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao. Mume wangu alimtazama yule mtu, akadhani kalewa, kabla ya kaka kumnong'oneza. Akatoa elfu mbili. Tangu siku hiyo amekuwa akisema Wazaramo mnajua kuzika.

Siku ya kumtoa mwali alisimama nyuma kabisa, chini ya mwembe. Binti alipopita mabegani kwa mtu, baba yake akapenya katikati ya wanawake akamtunza. Hakusema kitu. Nami sikumwuliza.

Je, binti yetu alifundishwa nini? Hasemi. Ninapomwuliza anacheka: "Mama, wewe si unajua." Lakini sasa mwezi wake ukifika ananiambia mimi, si rafiki, si simu. Hilo mimi linanitosha.

Kabla ukoo haujapiga hodi

* Ulizaneni mapema: kwenu mtoto akibalehe, akifiwa, akioa, nani ana kauli? Msiseme "tutaona".
* Mila ina sehemu nyingi. Chukueni mafunzo, muda na watu. Yanayomtoa mtoto shuleni au kumweka sokoni, yaacheni bila aibu.
* Kataeni kwa heshima na mbadala. "Hapana" peke yake inaweka chuki, "wiki mbili za likizo" inaweka mazungumzo.
* Mchagueni somo kama mnavyomchagua mwalimu. Umri pekee hautoshi.
* Nendeni misibani, hata pasipo harusi. Kibaha na Kisarawe si mbali, na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inapita Pugu na Soga. Watu wanaokuona kaburini ndio watakaokusikiliza siku ukitaka kubadilisha jambo.
* Mwulizeni mtoto. Mwili ni wake.

Tuna binti mwingine, ana miaka tisa. Juzi mume wangu aliniuliza, macho yakiwa kwenye gazeti: "Hivi shangazi yako mkubwa afya yake ikoje?"